Maji ya Meja

Kaka yangu ana kichwa kigumu, na hapo sijatia chumvi. Akishaamua jambo, utaongea mpaka mate yakukauke. Kwa hiyo nilipoikuta ndoo ya Meja tupu, mchana wa jua kali, nilijua kuna amri imetolewa bila mimi kuulizwa.

Meja ni farasi aliyetuachia Mama. Miaka nenda rudi alivuta gari la mbao kutoka kiwandani hadi kwa mafundi seremala, Mama akiwa ameshika hatamu na kumgombeza kama alivyotugombeza sisi. Figo zilipomshinda Mama, Kaka ndiye aliyemuuguza. Ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, na ndiye aliyepewa masharti, kubwa likiwa moja: Mama asizidishe maji. Akawa anampimia kwa kikombe cha chai. Mama alimwita askari jela, mwanzoni kwa utani.

Baada ya mazishi, mapenzi yote ya Kaka yalihamia kwa Meja. Alianza kuyadharau majani makavu, eti ni chakula cha shida, akawa analeta lusini, yale majani ya kijani wanayolishwa ng'ombe wa maziwa. Hori halikukauka lusini. Meja akanawiri, manyoya yakang'aa. Lakini akaanza na kukojoa, jamani, kukojoa! Maranda tuliyomtandikia asubuhi yalilowa chapachapa kabla ya mchana, harufu inachoma macho, na mkojo wenyewe mzito, mweupe kama maji ya chokaa. Mimi niliudhika kwa sababu koleo lilikuwa mikononi mwangu. Kaka aliogopa. Alisimama akiutazama ule mkojo sakafuni, uso umemsawijika, akasema ni figo.

Basi akafanya kile alichokijua. Akaanza kumpimia Meja maji.

Hakuniambia. Siku niliyoikuta ile ndoo, Meja alikuwa analamba ukuta wa banda. Kinyesi chake kilikuwa vidonge vidogo vikavu, na alikuwa anaparura sakafu kwa kwato, kila mara anageuka kutazama ubavu wake mwenyewe. Nilimuuliza Kaka ni lini mara ya mwisho mnyama huyu alikunywa akashiba. Akanijibu kwa upole, upole ulionipandisha hasira zaidi, kwamba mgonjwa wa figo hapewi maji ovyo, na kwamba yeye alifundishwa. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Kisha nikampigia simu daktari wa mifugo.

Alikuja mama mmoja mnene, asiye na papara. Alisikiliza tumbo la Meja kushoto na kulia, akampapasa fizi, zilikuwa kavu. Halafu akachungulia horini, akauliza tangu lini farasi huyu anakula lusini tupu. Alituelewesha taratibu kwamba lusini ina lishe nyingi na madini ya chokaa mengi kuliko anayohitaji, na ile ziada hutolewa kwa mkojo, ndiyo maana ukawa mwingi, mzito na mweupe. Anayekula hivyo huhitaji maji zaidi, si pungufu. Figo zake zilikuwa zinachapa kazi vizuri tu. Kilichoharibika sasa ni tumbo: chakula kimekauka na kuziba humo ndani, na kisipotoka, Meja atakufa.

Kaka alishika nguzo ya banda.

Daktari alipitisha mpira puani mpaka tumboni, akammiminia maji na mafuta. Alitwambia turudishe majani makavu kidogo kidogo akishapona, lusini iwe ya kuonjeshwa tu. Kwa sasa tumpe maji mafunda machache machache, na akishapata choo, tumwache anywe atakavyo.

Tulisubiri alasiri yote. Kaka aliishika ndoo kwa mikono miwili, akimbembeleza Meja kwa majina yote ambayo Mama alikuwa akimwita. Jua lilipoanza kuzama, Meja akapata choo, laini. Baadaye kidogo akatanua miguu, akainua mkia, akakojoa. Mkojo ulikuwa mweupe vilevile, ukamrukia Kaka viatuni. Hakusogea.

Nilicheka, maana moyo ulikuwa umeshuka mahali pake. Yeye hakucheka.

"Mama aliniomba maji," alisema. "Siku ile ya mwisho. Kikombe chake kilikuwa kimeshaisha. Nikamwambia avumilie mpaka kesho."

Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo alivyoagizwa, kwamba farasi si Mama, kwamba kwa Mama madaktari walikuwa sahihi. Yote hayo ni kweli. Hasira yangu yote iliniishia, nikabaki na uchungu mtupu. Nilichukua ndoo, nikaenda bombani, nikaijaza mpaka ukingoni, nikamrudishia mikononi mwake.

Meja akainamisha kichwa, akanywa. Kaka alimshikia ndoo huku analia, na hakuiondoa mpaka Meja mwenyewe alipoinua kichwa.