Kadi ya Imetosha

Wifi hakuwa mtu wa kuficha. Tangu ahamie kwa kaka yake alikuwa na neno juu ya kila kitu: chumvi, mapazia, malezi. Lakini aliyemchukia kwa moyo wote ni yule mtaalamu wa tiba ya tabia aliyekuja kumfundisha Chiriku. Alimbandika jina Bibi Kadi.

Chiriku ni jina la utani alilopewa na baba yake, maana binti mwenyewe, mwenye usonji, hakuwa akisema. Alipozidiwa na kelele au kushikwashikwa, aling'ata. Bibi Kadi alimfundisha njia nyingine: kadi yenye picha ya kiganja, maana yake imetosha. Ukipewa unaacha unachofanya papo hapo, uwe nani. Ukiipuuza, alionya, umemrudisha kwenye meno.

Mama yake Chiriku aliishika sheria hiyo kama dini. Wifi aliicheka. "Mtoto wa juzi atuamrishe sisi?"

Siku moja mama akiwa sokoni, Wifi alikaa kumsuka Chiriku, akang'atwa mkono mpaka damu. Akajifunga bendeji ya kutosha mguu wa ng'ombe, akamsubiri kaka yake sebuleni. Alidai kang'atwa bila kosa lolote, kwamba tiba yenyewe ni usanii mtupu, na Bibi Kadi asikanyage tena hapa. Mume, mtu wa kusikiliza kwanza, akaanza kuitikia kwa kichwa.

Hapo mama akawaka. Alikumbusha nguo zilizokuwa zikichanwa, usingizi uliokuwa hauji, majirani waliokuwa wakigonga ukuta. Wifi akapandisha sauti, naye akapandisha. Sasa alikuwa na neno ulimini, la ile ndoa ya Wifi iliyovunjika, neno la kummaliza kabisa. Akafungua kinywa.

Chiriku alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja sikioni, mwingine umemnyooshea kadi.

Mama akinyamaza, Wifi atashinda na mtaalamu ataondoka. Akiendelea, atakuwa ameiua kadi kwa mkono wake mwenyewe. Aliipokea, akanyamaza. Ilimuuma kuliko jino bovu.

"Unaona, kaka?" Wifi alisema. "Hana jibu." Akaendelea kumwaga sumu. Chiriku akaichukua kadi kwa mama, akampelekea shangazi yake. Wifi hata hakumtazama. Aliipokea, akaikalia, akaendelea kusema, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kulizoea jambo.

Mtoto akautazama mkono wa shangazi yake usio na bendeji. Akauinamia.

Baba alimdaka kabla meno hayajafika. "Dada," alisema polepole, "ulipokuwa ukimsuka pia uliikalia?"

Wifi akaanza kuikaza bendeji yake.

"Itoe."

Akaitoa chini ya paja, imekunjika. Mume aliinyoosha kwenye goti, akamrudishia binti yake, akasema mtaalamu aje kesho kama kawaida, na Wifi akae naye somo zima ama atafute pa kuishi.

Mama hakutoa asante wala pole. Alikuwa bado anamchukia Wifi, na lile neno lilikuwa palepale, linamwasha ulimi. Wifi alipopita kwenda jikoni alimkanyaga mguu makusudi. Mama akafungua kinywa, akaiona kadi mkononi mwa mwanawe, akakifunga.