Upepo wa Bascom

Mjini Bascom, Kansas, mke wa dereva wa treni hakuhitaji saa jikoni. Kila dereva alikuwa na honi yake ya shaba, kaichonga mwenyewe mpaka itoe sauti anayoitaka, na akihamishwa injini aliifungua akahama nayo. Treni ikifika darajani, nje kidogo ya mji, watu wote walijua ni mume wa nani anarudi, na mkewe akatia mkate wa mahindi kwenye oveni. Walevi wa baa walijua. Mchungaji alijua. Hata mbwa wa Floyd Hinkle, ambaye hakujua kingine chochote duniani, alijua.

Honi ya Corliss Pruett ilianza chini, ikapanda taratibu, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Jioni moja ya Februari ililia hivyo hivyo darajani. Jirani yake, Opal Hinkle, mkewe Floyd, alikuwa uani akianua nguo zilizoganda kwa baridi, akapaza sauti juu ya ua: "Idella! Mzee wako huyo! Tia mkate, shoga, asije akatula sisi!"

Idella akacheka, akatia mkate. Haujaiva, ardhi ikatikisika. Treni ya Corliss ilikuwa imeingia kwenye njia yenye mabehewa ya makaa yaliyosimama, na yeye na mtia makaa wake walikufa papo hapo.

Kampuni ya reli ilikuwa na jibu kabla maiti hazijaoshwa. Dereva alisinzia, walisema. Hakupiga honi darajani, kwa hiyo mgeuza njia, anayeipangia treni reli ya kupita, hakujua inakuja. Ukweli ni kwamba wageuza njia walikuwa wawili, kampuni ikamfukuza mmoja ili kubana matumizi, na yule aliyebaki alikuwa mwisho wa pili wa stesheni akihangaika na treni nyingine. Lakini kama honi haikulia, kosa ni la maiti, na maiti hajitetei.

Kabla ya uchunguzi, bwana mmoja wa kampuni mwenye koti zuri alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakumtisha mtu. Alikula pai za watu, akasifia watoto wao, na akiaga mlangoni alisema ingesikitisha sana lawama zikiiangukia kampuni, maana ingebidi wafikirie kuihamishia karakana yao ya injini mji mwingine. Karakana ndiyo iliyokuwa ikilisha nusu ya Bascom.

Basi siku ya uchunguzi watu wa mji wakapanda kizimbani mmoja mmoja, mkono juu ya Biblia, wakasema neno moja kana kwamba wamefundishwa darasani: "Upepo ulikuwa mkali jioni ile. Sikusikia kitu." Floyd alisema hivyo. Mchungaji alisema hivyo. Opal naye alisema hivyo, macho yake kwenye viatu. Idella peke yake alisema alisikia, na wakamuuliza kwa upole wa kuudhi kama huenda majonzi yamemchanganya.

Stesheni palikuwa na jiwe la waliokufa kazini. Jina la mtia makaa lilichongwa. La Corliss halikuchongwa, kwa kuwa aliyejiua kwa usingizi hakuhesabiwa. Miaka ikapita Idella akilipita jiwe lile kila alipokwenda dukani, na kila Jumapili akikaa kanisani nyuma ya shingo ya Opal. Aliwachukia. Aliwachukia kwa utulivu, huku akiwasalimia, na chuki ya namna hiyo haichoki.

Kisha zikaja treni za dizeli. Dizeli haitaki maji, haitaki makaa, wala haitaki mafundi mia wa kuibembeleza. Kampuni ikatangaza kwamba karakana ya Bascom itafungwa. Wiki hiyo hiyo Opal na Floyd waligonga mlango wa Idella, wamebeba pai ya tufaha.

"Shoga," Opal alianza, "ni siku nyingi hatujakaa tukaongea."

"Tunaishi ukuta kwa ukuta. Mngetaka kuongea mngeongea. Semeni shida yenu, pai itapoa."

Floyd akakohoa. "Bi Idella, tume ya jimbo inakuja kusikiliza malalamiko yetu. Wakili anasema tukionyesha kampuni ilishawahi kuua watu kwa kupunguza wafanyakazi, tume inaweza kuwazuia wasipunguze tena. Sasa… kuna ile ajali ya marehemu."

"Ile ya mtu aliyesinzia?"

"Hakusinzia," Opal akasema, na machozi yakamtoka. "Tulisikia, Idella. Sote tulisikia. Mimi mwenyewe nilikuita."

"Najua uliniita. Nilidhani wewe ndiye uliyesahau."

Alitamani kuwatupia ile pai usoni. Lakini akili yake ilikuwa imeshakwenda stesheni, kwenye lile jiwe. "Na jina lake?" aliuliza.

"Tume ikikubali tu, siku hiyo hiyo," Floyd akasema. "Fundi yuko tayari na patasi."

Kwa ajili ya jina hilo, akakubali kukaa nao benchi moja.

Ukumbi wa shule ulifurika. Wakapanda tena mmoja mmoja, mkono juu ya Biblia ile ile. Nilisikia, akasema mchungaji. Ilianza chini ikapanda, akasema Floyd, akajaribu hata kuiigiza, na watu wakacheka wakilia. Opal alieleza nguo zilizoganda na maneno aliyosema juu ya ua. Idella akashika ukingo wa benchi. Kwa muda mfupi alisahau kuchukia. Mume wake alikuwa macho, na mji mzima ulikuwa ukisema hivyo.

Mwenyekiti wa tume, mzee wa mji mkuu aliyeonekana kutamani chakula chake cha mchana, akafungua kumbukumbu za uchunguzi wa zamani.

"Bwana Hinkle, hapa uliapa kwamba upepo ulikuwa mkali."

"Tuliogopa, mheshimiwa. Tungepoteza karakana."

"Na leo?"

Floyd akamgeukia wakili.

"Leo mnapoteza karakana," mwenyekiti akamjibia. "Mliapa hivi ili ibaki, sasa mnaapa vile ili ibaki. Mimi nimwamini nani, Hinkle wa mwaka ule au huyu? Ushahidi huu siupokei. Uamuzi wa zamani unabaki kama ulivyo." Akafunga jalada.

Fundi wa mawe, aliyekuwa amekaa nyuma, alizirudisha patasi zake mfukoni bila kumtazama mtu. Idella alimwona. Akainuka, akavaa glavu zake kidole kwa kidole, akatoka.

Nje palikuwa na jua, na hata jani halikutikisika. Opal alimkimbilia, akamfikia kwenye reli, anahema.

"Tumesema, Idella! Mungu ni shahidi, mara hii tumesema! Umetusikia, sivyo? Niambie umetusikia."

Idella akaendelea kutembea.

"Upepo mkali, Opal," alisema. "Sikusikia kitu."