Kipofu na Bibi Kengele

Kazini walimwita Kipofu, na macho yake yalikuwa mazima kuliko ya wote. Jina lilitokana na kazi yenyewe. Mradi ulikuwa unatafuta jibu la swali moja: mtoto mdogo mwenye usonji, mzazi wake akifundishwa mapema namna ya kucheza naye, atapiga hatua kumshinda yule ambaye mzazi wake bado hajafundishwa? Kompyuta ikapiga kura. Nusu ya familia zikaingia kundi la mafunzo, nusu zikaambiwa zisubiri mwaka upite, zamu yao itafika. Kipofu aliajiriwa kuwapima watoto wote, wa huku na wa kule, bila kujua nani katoka wapi. Akijua tu, jicho litaanza upendeleo, na vipimo vyake vitafaa kufungia karanga.

Kwa hiyo aliishi kama mwizi wa kuku. Akimwona mzazi wa mradi barabarani, anavuka ng'ambo. Siku moja dukani alijibanza nyuma ya ndoo za plastiki muda mrefu mpaka muuzaji akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Wazazi walisema ana maringo. Mumewe, fundi wa friji, ndiye aliyefaidi.

"Mke wangu analipwa kwa kutojua," alikuwa akiwaambia wageni. "Mimi nisipojua kitu, wateja wananitukania ukoo mzima."

Chumba cha vipimo kilikuwa na zulia la buluu linalonuka dawa ya chooni, kamera mbili kwenye pembe za dari, kiti kimoja cha mzazi na sanduku la vitu vya kuchezea. Humo Kipofu alipuliza mapovu ya sabuni, halafu akakaza kifuniko cha chupa, akampa mtoto, akangoja. Mtoto atamtazama usoni? Atamrudishia chupa amfungulie? Atatoa sauti? Kila jambo lilikuwa na alama zake, isipokuwa kumwagiwa sabuni kifuani, ambalo lilitokea mara nyingi kuliko yote. Na muda wote huo sura yake ilitakiwa iwe kavu, isionyeshe furaha wala masikitiko.

Ndipo akatokea Bibi Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sauti yake haikuwa imepewa taarifa ya kustaafu. Alikuwa anamlea mjukuu wake wa kike, wa miaka mitatu, kwa kuwa mama wa mtoto alifanya kazi mji mwingine. Siku ya kipimo cha kwanza, yule mtoto aliingia, akachukua kigari, akakigeuza magurudumu juu, akampa Kipofu mgongo. Akazungusha gurudumu mpaka muda ukaisha. Mapovu yakapita juu ya kichwa chake kama vile yana safari zao. Kwake Kipofu alikuwa kabati.

Bibi akamfuata mpaka mlangoni. "Unamwonaje mjukuu wangu?"

"Siruhusiwi kusema, Bibi."

"Basi nikwambie mimi. Kura yenu imenipangia kundi la—"

Kipofu akaziba masikio kwa viganja viwili, akaanza kuimba la-la-la, mtu mzima na shahada yake, huku akirudi kinyumenyume kwenye korido. Bibi akabaki anamkodolea macho kama anayejiuliza ni nani hasa aliyeletwa pale kupimwa.

Karibu mwaka ukapita, kipimo cha pili kikafika. Safari hii Bibi aliingia amebana midomo kwa nguvu, mashavu yamemjaa kama ameficha jiwe mdomoni. Akakaa kwenye kiti chake. Kipofu akapuliza mapovu, akakaza kifuniko, akampa mtoto chupa, akangoja.

Mtoto akaitazama chupa. Akainua macho, akamtazama Kipofu usoni, akarudi kwenye chupa. Kisha akaisukumiza mkononi mwake na kusema, "Te."

Tena. Alikuwa anaomba tena. Moyo wa Kipofu ukaruka sarakasi, lakini sura ikabaki kavu, maana alikuwa ameung'ata ulimi. Akafungua chupa, akapuliza. Mtoto akapigapiga mikono hewani kwa raha, akatetemesha midomo: "Brrrr!"

"Brrrr!" ikajibu sauti nyingine, nzito, kutoka kwenye kiti.

Bibi Kengele, mama aliyewahi kuwatetemesha walimu wenye ndevu, alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, mate yanaruka. Akanyamaza, akangoja. Mtoto akageuka, akamtazama, akacheka, akapiga brrrr nyingine. Bibi akaipokea. Akangoja tena.

Mtu yeyote wa mradi aliujua mchezo huo. Muige mtoto, kisha nyamaza, mpe nafasi: ndilo somo la kwanza la kundi la mafunzo.

"Bibi, umeniharibia," Kipofu alisema polepole, akazima kamera.

Ofisini alimkuta Profesa, mwenye mradi, mrefu, mwenye tai iliyobeba kumbukumbu za chakula cha wiki nzima. Akamwambia bila kuzunguka: "Upofu umeniisha. Yule mjukuu wa Bibi Kengele, nimejua kundi lake. Ni wa mafunzo. Tafuta mwingine ampime."

Profesa akapekua kompyuta yake. Akapekua tena. "Siyo wa mafunzo," akasema.

"Siyo vipi? Nimemwona bibi yake kwa macho yangu."

"Ni wa kusubiri." Akaushika mdomo wake, amechelewa.

Kisha wakaenda kumwita Bibi, aliyekuwa nje anamfunga mjukuu viatu.

Bibi hakujitetea. Alikaa mbele ya meza ya Profesa kama yeye ndiye mwenye ofisi. Kompyuta ilipompangia kusubiri, alisema, alijisikia kama mwanafunzi aliyefungiwa mlango. Akajitafutia dirisha. Kwenye benchi la kusubiria alifahamiana na mama wa mapacha, ambaye yeye kura ilimwangukia vizuri. Kila mama wa mapacha alipotoka somoni, Bibi alimkalisha chini, akamkamua somo zima. Halafu, kwa kuwa mwalimu akishajua kitu hawezi kukaa nacho, aliwakusanya na wenzake wa kusubiri. Darasa lilikuwa sebuleni kwake, kila Jumamosi.

"Wenzako wangapi?" Profesa aliuliza.

"Sebule haina nafasi ya kupita."

Profesa akaegemeza paji la uso mezani.

"Mwanangu," Bibi akasema, "kwa hiyo unasikitika kwamba watoto wanapata nafuu?"

"Sijui kama ni mafunzo yaliyowapa nafuu!" Profesa akainuka. "Ndiyo shida yenyewe, mama! Huenda wangefika hapo bila sisi. Ilitakiwa tulinganishe. Sasa kundi la kusubiri halijasubiri, nilinganishe nani na nani? Nikienda kwa wakubwa kuwaomba watoto wote wa nchi hii wafundishwe mapema, wataniuliza ushahidi uko wapi. Niwajibu nini? Kuna bibi mmoja alipiga brrrr?"

Miaka yote kazini Bibi alikuwa amesimamia mitihani, na hilo alilielewa upesi kuliko alivyopenda.

"Maana yake nimeibia mtihani."

"Umewagawia majibu chumba kizima."

"Mimi nilikuwa nafukuza watoto shule kwa kosa hilo," Bibi alisema. Akautazama mlango, ambako mjukuu wake alikuwa anazungusha kitasa. "Ningekuwa mkuu wako, ningenifukuza. Lakini ukinirudisha nyuma mwaka mzima, mwanangu, nitaiba tena."

Kipofu hakujua acheke au alie, akaishia kukohoa.

Jumamosi iliyofuata Profesa alikwenda kuuona uharibifu, na Kipofu akamfuata, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza tena. Sebule ilikuwa imejaa kweli: akina mama, baba mmoja dereva wa lori aliyekunja miguu kwa taabu, na watoto chini ya kila meza. Bibi alikuwa katikati akiongoza. Na hapo Profesa akaona kwamba somo la kwanza limefika salama, lakini yaliyofuata yamekunjamana njiani. Bibi alikuwa amewafundisha wazazi kuwashika watoto kidevu. "Mtazame mama! Rudia!" Watoto wawili walikuwa wanalia.

"Hapana, hapana, msiwashike," Profesa alisema, akasahau hasira zote. "Mtoto halazimishwi kukutazama. Wewe ndiye unayemfuata, unampa sababu ya kukutazama. Hivi."

Akapiga magoti. Suruali ikapasuka nyuma, toka mkanda kwenda chini, kwa mlio uliosikika mpaka jikoni. Mtoto mmoja aliyekuwa analia akaacha, akazunguka kwenda kukagua, akaweka kidole kwenye mpasuko.

"Ameanzisha mchezo mwenyewe," Profesa alisema, bado yuko kwa miguu minne, uso umemwiva. "Msimkatize."

Bibi akachukua khanga, akamfunika, kisha naye akashuka chini kujifunza.

Mradi haukupona. Profesa aliandika taarifa yote ilivyokuwa, mpaka habari za sebule, na wakubwa wakaamua utafiti uanze upya mahali pengine, ambako familia za makundi mawili hazitakaa benchi moja. Familia za Bibi ziliruhusiwa kuendelea na mafunzo, ila ya kweli, na mwalimu wa mradi. Kipofu hakufaa tena kupima. Akapewa kazi hiyo ya kufundisha wazazi majumbani, na mumewe akasema hatimaye mke wake analipwa kwa kujua kitu.

Nyumba ya kwanza kupangiwa ilikuwa ya Bibi Kengele. Kipofu alifika na furaha ya mwaka mzima kifuani, akaketi sakafuni karibu na mtoto, akamwonyesha kitabu, akamwonyesha mwanasesere, akamwonyesha ngoma, akamwita, akamwita tena. Mtoto akamshika mkono, akauvuta mdomoni, akamng'ata.

"Umemharakisha," Bibi alisema kutoka kwenye kochi.

Kipofu akafuta mate juu ya alama za meno. Akasogea nyuma kidogo, akanyamaza. Baada ya muda yule mtoto akakaa chini, akaanza kupanga vijiko kwenye ukingo wa mkeka. Kipofu akachukua kijiko kimoja kilichobaki, akakilaza kando ya mstari, akangoja kuona kama mtoto atakitupa.