Amekataa

Kwa siku kumi na moja Nashipae aliandika neno lile lile kwenye daftari la kuogesha wazee: amekataa. Mzee Parsaoti, chumba cha tatu, amekataa.

Nick, mwanamume pekee aliyekuwa akiwaogesha wazee wa kiume katika makao yale ya wazee ya Kitengela, alikuwa ameacha kazi, na meneja hakujisumbua kutafuta mwingine; kazi ikamwangukia Nashipae. Mzee Parsaoti alikuwa wa rika moja na babake Nashipae. Kwa Wamaasai huyo naye ni baba, na msichana haangalii mwili wa baba. Kwa hivyo alimpelekea chai, akamfunika shuka vizuri, akaandika. Siku za kwanza mkono ulikuwa mzito. Baadaye haukusikia kitu.

Siku ya kumi na mbili harufu ilifika hadi jikoni. Daktari aliitwa, akafunua blanketi, akakuta kidonda cha nyonga kimechimba hadi mfupani. Meneja akafungua daftari upesi.

"Jionee, daktari. Huyu mzee ni mkaidi. Tumejaribu kila siku."

Daktari akainama. "Mzee, mbona unakataa kuoshwa?"

Mzee akamtazama Nashipae, aliyesimama mlangoni na beseni kavu.

"Nani amekataa? Huyu mtoto wangu huniletea chai kila siku, lakini kuoga hajawahi kuniuliza. Mimi nilidhani maji ya Kitengela yamepotea tena."

Nashipae alingoja aibu imshike. Haikuja. Ukurasa wa leo alikuwa ameshaujaza.