Upande Uliokatwa

Seremala mmoja mtaa mzima ulimwita Pima Tena, maana ubao mmoja aliupima mara tatu kabla ya kuugusa na msumeno. Safari hii, jamani, haraka ilimponza.

Mama yake alikuwa ametoka hospitalini amekonda, na alichotaka ni kitu kimoja tu: kibanda nyuma ya nyumba, arudi kwenye cherehani yake badala ya kushinda kitandani akitazama dari. Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile, lini? Mwanawe akaapa kumjengea kibanda cha kudumu, tena kwenye udongo ule wa mchwa wasio na adabu. Alizunguka maduka ya mbao mpaka wauzaji wakamchoka. Hii laini mno, ile imepakwa rangi tu ili ionekane imetiwa dawa. Mwishowe akapata nguzo sita zilizozamishwa dawa kweli kweli. Zilikuwa ndefu, akazikata. Akazisimamisha, akaezeka, na siku ya nne mama akahamia na cherehani yake.

Siku ya tano aliokota kipande kilichobaki ili azuie mlango usipigwe na upepo. Akakigeuza, akakitazama mara ya pili. Pembeni kijani, dawa imeingia unene wa kidole. Katikati peupe pee, dawa haikufika. Hata anayejifunza useremala huambiwa kwamba upande uliokatwa hukaa juu, na ule uliokunywa dawa ndio hufukiwa. Yeye alifukia uliokatwa, nguzo zote sita, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umenyooka vizuri kubeba boriti.

Tangu hapo hakutulia. Alikula amesimama. Alienda kazini, akarudi kabla ya saa nne asubuhi, akapigapiga nguzo kwa ngumi, akachutama kunusa udongo. Mkewe alipouliza kama kuna kitu amepoteza, alijibu hakuna. Mwongo mkubwa.

Siku mbili baadaye mama aliacha kushona, akamwita ndani.

"Unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kuna nini?"

Akamwaga yote. Mama akauliza zitaoza baada ya muda gani. Miaka mitano, akasema, sita zikijitahidi sana.

Mama akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu arudi. "Sita? Mwanangu, daktari hakunipa hata miwili. Ziache tu, zitanizika na kubaki."

Alitaka kumtua mzigo. Mwanawe alihisi amezabwa kofi. Hasira zilimpanda, za daktari, za mchwa, za mikono yake mwenyewe. Kuziacha nguzo zile kungekuwa kukubaliana na yule daktari. Akatoka, akarudi na mtaimbo na magogo ya kuegemezea paa.

"Toka nje, mama," akasema. "Nazigeuza zote. Mimi sikukujengea kibanda cha miaka miwili."

Mama akasimama. Kisha akakunja nguo aliyokuwa akiishona, akaburuta kiti mpaka uani na kuketi. Mtaimbo ulikuwa umeshaanza kugonga ardhi alipouliza nguzo zikigeuzwa zitadumu miaka mingapi.

"Ishirini," akasema seremala bila kuinua uso, machozi yakimdondokea shimoni.

"Haya," mama akasema. "Basi chimba vizuri."