Unga wa Gaëlle

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, Lubumbashi nzima hukosa adabu, na ndivyo inavyotakiwa. Aliyefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka mama yake mzazi asimtambue, kisha hutembezwa barabarani kwa vigelegele. Mwenye diploma asiye na poda atamwambia nani? Watu watadhani amefeli na anajikaza tu.

Mwaba alikuwa amekwisha kumwagiwa yake asubuhi, huko kwao Annexe, na masikio yake bado yalikuwa meupe. Sasa alikuwa amesimama mbele ya geti la kina Gaëlle, Bel-Air, mfuko wa unga wa mahindi kwapani, na hamu yote ya kugeuka arudi nyumbani mbio.

Lakini alikuwa ameahidi. Walipomaliza mitihani, Gaëlle alimshika mkono akamwambia: "Mwaba, kwetu habatanimwangia. Mama iko anaogopa juu ya tapi yake, ile zulia ya salon. Ukuye weye na poda. Usisahau, eh?" Gaëlle alikuwa na simu ya maana, dereva, na mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Hilo ndilo jambo la kwanza alilowahi kumwomba Mwaba, na huenda likawa la mwisho, maana mwezi ujao alikuwa anakwenda kusoma Afrika Kusini.

Shida ni kwamba poda ilikwisha sokoni mapema, mji mzima umeinunua. Mama Dorine, mama yake Mwaba, hakuona tatizo. "Poda na unga, yote iko mweupe. Beba!" Akamjazia mfuko. Na Mama Dorine anauza samaki wakavu kutoka Pweto, kwa hiyo hakuna mfuko katika nyumba ile ambao haujawahi kulala na samaki. Mwaba alipoufungua kidogo pale getini, harufu ilimpiga puani.

Hiyo ndiyo harufu aliyokuwa akiificha. Kwa miaka miwili ya kukaa dawati moja na Gaëlle, Mwaba alikuwa akioga kwa ndimu kila asubuhi, na hakuwahi kumkaribisha kwao hata mara moja. Alimwambia nyumba inapakwa rangi. Miaka miwili inapakwa rangi! Hata kanisa kuu lisingekunywa rangi namna hiyo.

Hata hivyo aliingia. Sebuleni wageni walikuwa wameketi kimya kama wanaosubiri daktari. Mama Martine, mama yake Gaëlle, alikuwa akigawa keki. Papa Anaclet, baba yake, alikuwa akisoma hotuba ya pongezi, na hotuba bado ilikuwa imekwama Kasai, kwenye habari za babu yake aliyekuwa karani wa reli. Katikati yao alikaa Gaëlle na gauni jeupe, mikono mapajani, nywele safi kabisa. Alipouona mfuko, uso wote ukamchangamka.

Mwaba angeweza kusema poda imekosekana, na isingekuwa hata uongo. Gaëlle angejibu si kitu, angekula keki yake, angepanda ndege yake. Yangeishia hapo tu. Mwaba akapiga moyo konde, akavuka zulia na kandambili zake, akaupindua mfuko juu ya kichwa cha rafiki yake.

Unga haukuchagua. Ulimwenea Gaëlle, ukafika kwenye keki, ukamkuta Papa Anaclet kiparani, katikati ya neno "heshima". Kisha ile harufu ikatanda chumba kizima.

"Eh! Iko nini inanuka hivi?" Mama Martine aliuliza, leso puani. "Samaki?"

"Njo mimi, mama," Mwaba akasema, aibu ikimchoma mpaka kwenye kucha. "Mama yangu anauzishaka samaki. Mufuko njo ya samaki. Munisamehe."

Gaëlle alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Minayua," akasema. "Weye njo unanukiaka hivi. Tangu siku ya kwanza."

"Ulikuwa unayua?"

"Ndimu na samaki! Nani hayui? Siku ya mutihani balitutenganisha, bakanikalisha pembeni ya Mardochée na marashi yake. Niliogopa mpaka nikasahau jina yangu. Nilikuwa natafuta hii harufu, nikaikosa."

Mwaba hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kwa pamoja. Papa Anaclet alijipangusa kipara, akautazama unga kiganjani, akakunja hotuba na kupiga kigelegele kibovu kuliko vyote vilivyosikika Bel-Air siku ile. Mama Martine alimkodolea macho, halafu kicheko kikamtoka naye, leso ikamwanguka.

"Na ile rangi ya kwenu," Gaëlle akauliza, "ilishakauka?"

"Ilishakauka."

"Basi twende. Mama yako naye animwangie."

Wakatoka kwa miguu, weupe wote wawili. Mama Dorine alipowaona wakikunja kona ya Annexe aliingia ndani kutafuta mfuko mwingine.