Wali wa Kunguru

Baba alifariki Jumatatu asubuhi, wiki ileile niliyopangiwa kupasuliwa figo huko Kochi, kusini mwa India. Alikuwa ameshafunga mkeka na chupa ya chai. Yeye ndiye angelala chini ya kitanda changu wodini.

Mimi ni mwanawe wa pekee wa kiume. Niliwasha moto wa kumchoma, na kwa desturi yetu nikawa mfungwa wa nyumba. Nisivuke uzio, nisinyoe, na kila alfajiri nimwekee baba donge la wali, aje kulila kwa sura ya kunguru, mpaka matanga yaishe.

Figo yangu ya kushoto ilikuwa imevimba. Pale mrija unapoanza kushusha mkojo palikuwa pamebana. Daktari aliniambia kwenye simu, "Tukiahirisha tena, Rajivan, hatutakuta figo ya kuokoa."

Mjomba Gangadharan, kaka yake mama, aliweka kiti langoni, akakaa kunizuia nisitoke.

"Kunywa, mpwa wangu. Figo ni mtaro, unausukuma kwa maji."

"Maji yanajaa tu, Mjomba. Hayana pa kupita."

"Umeshakuwa daktari?" Akanipasulia dafu jingine.

Nililala nimejikunja, ubavu ukivuta kama kamba. Asubuhi iliyofuata nililoanisha mikono nikapiga makofi kuwaita kunguru. Walikaa juu ya mfenesi, hawakushuka. Shangazi mmoja akanong'ona kuwa marehemu ana kinyongo. Nikapiga magoti, nikatapika.

Dada yangu Srikala akatoka jikoni, akanawa, akaliokota lile donge.

"Weka chini," Mjomba akasema. "Mwanamke hatoi wali wakati mtoto wa kiume yu hai."

"Basi tungoje afe, nipate ruhusa."

Mjomba aliyatazama matapishi, kisha akanitazama mimi. Akasogeza kiti.

Dada akapiga makofi. "Baba! Shuka ule, acha kuringa. Mwanao anakwenda hospitali."

Sikungoja kuona kama kunguru walishuka. Nilivuka uzio na ndevu zangu za msiba.

Hospitalini daktari aliketi pembeni, uso ndani ya mashine, akiiongoza mikono ya roboti iliyokata palipobana na kushona upya. Hayo nilisimuliwa. Ninachokumbuka ni nesi akiuliza, "Uko na nani?" nami nikageuka kumtafuta baba.

Figo inafanya kazi. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya baba, Dada ndiye anayetoa wali. Mimi namshikia chombo cha maji.